Lugha ya Betri: Mawasiliano ya Mhandisi na Wakazi wa Mombasa Bara

1. UTANGULIZI

Madhumuni ya makala haya ni kuonyesha kwamba ufundi wa betri na ufundi wa kusema ni mambo mawili yasiyotengana, ingawa vyuoni hufundishwa na walimu mbalimbali, katika vyumba mbalimbali, na aghalabu kwa lugha isiyokuwa ya wale watakaozitumia betri hizo. Mwanafunzi wa uhandisi hujifunza katika maabara jinsi umeme unavyowekwa na unavyotolewa. Kisha, katika somo liitwalo stadi za mawasiliano, hujifunza kuandika ripoti, barua ya kuomba kazi na kumbukumbu za mkutano. Somo hili la pili nchini Kenya hufundishwa kwa Kiingereza, na msomaji anayekusudiwa ni mkubwa wa kazi, mteja, au mhandisi mwenziwe. Mkazi ambaye nyumba yake imeegemea ukuta wa kiwanda hayumo katika hesabu hiyo.

Mahali panapofaa kulichunguza jambo hili ni Mombasa bara, yaani Changamwe, Likoni na Kisauni. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kipo Tudor, kisiwani. Chuo hicho kilianza wakati wa ukoloni kikiwa Taasisi ya Elimu ya Kiislamu, kikawa politekniki mwaka 1972, na mwaka 2013 kikapata hati ya kuwa chuo kikuu. Mwanafunzi wake hana haja ya safari ndefu ili aone viwanda: akivuka Makupa yuko Changamwe. Huko Changamwe ndiko betri zilikoleta msiba ambao umefika hadi mahakama iliyo ya juu kabisa nchini. Msiba huo ndio utakaokuwa mfano mkuu wa makala haya. Baadaye itazungumzwa betri ya namna mpya, ambayo sasa inaingia mitaani kwa pikipiki na kwa tuktuk, na ambayo inadai maneno mapya kabla haijaleta misiba mipya.

2. BETRI YA RISASI NA BETRI YA LITHIAMU

Kabla ya kuyazungumza maneno, yafaa vitu vyenyewe vielezwe kwa ufupi.

Betri ya risasi ilibuniwa mwaka 1859 na Mfaransa Gaston Planté. Ndani yake mna mabamba ya risasi na mabamba yaliyopakwa oksidi ya risasi, yote yamezamishwa katika asidi ya salfa iliyochanganywa na maji. Seli moja hutoa kiasi cha volti 2, na seli sita zikiunganishwa kwa mfuatano hupatikana betri ya volti 12, ile iliyozoeleka katika magari. Betri inapotumika, mabamba ya pande zote mbili hugeuka pole pole kuwa salfeti ya risasi, na asidi huzidi kuwa nyepesi. Inapotiwa chaji, mambo hurudi kinyume. Ndiyo sababu fundi wa betri hutumbukiza kipimo cha kuelea ili aujue uzito wa asidi: asidi nzito ni dalili ya betri iliyojaa, na asidi nyepesi ni dalili ya betri iliyokwisha.

Zaidi ya nusu ya uzito wa betri hiyo ni risasi. Kwa hiyo betri iliyokufa haikosi thamani. Wakusanyaji wa vyuma chakavu huinunua na kuiuza tena, mpaka ifike penye tanuru. Hapo huvunjwa, asidi humwagwa, na risasi huyeyushwa upya. Risasi huyeyuka katika joto la nyuzi 327 za Selsiasi, joto ambalo hata tanuru dogo hulifikia. Kazi hii ikifanywa kwa vifaa vya kunasa moshi na vumbi, ni kazi ya manufaa, kwani huokoa madini yasichimbwe upya. Ikifanywa bila vifaa hivyo, vumbi la risasi hutua juu ya paa, juu ya nguo zilizoanikwa, juu ya ardhi wanapochezea watoto, na hatimaye huingia tumboni na katika damu. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba hakuna kiasi cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa ni salama. Watoto wadogo ndio wanaoathirika zaidi, kwa sababu ubongo wao ungali unakua, na dhara linalotokea hapo halirekebishiki.

Betri ya ayoni za lithiamu ni ya zama za karibu. Ilianza kuuzwa mwaka 1991 na kampuni ya Sony ya Japani, na mwaka 2019 John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino walipewa Tuzo ya Nobeli ya kemia kwa utafiti ulioizaa. Humo ndani ayoni za lithiamu husafiri kutoka upande mmoja hadi upande wa pili wakati wa kutumika, na hurudi zilikotoka wakati wa kutiwa chaji. Kwa uzito ule ule, betri hii huweka umeme mwingi kuliko ile ya risasi. Risasi haimo. Hata hivyo hatari imo, nayo ni ya namna nyingine: kimiminika kilichomo hakina maji, bali ni cha aina inayoshika moto. Betri ikitobolewa, ikizidishiwa chaji, au nguzo zake zikiunganishwa moja kwa moja, joto huweza kuzaa joto jingine, mpaka betri ikalipuka kwa moto. Ipo aina itumiayo fosfeti ya chuma, ambayo huvumilia joto zaidi kuliko nyinginezo, lakini hiyo nayo haikusudiwi kutobolewa wala kufunguliwa na asiyejua.

3. MKASA WA OWINO UHURU

Owino Uhuru ni mtaa ulioko Mikindani, katika upande wa Changamwe ambao baada ya 2013 umehesabiwa katika Jomvu. Jina lenyewe limeunga jina la Kijaluo na neno la Kiswahili, na hiyo ni ishara ya watu wake: wametoka makabila mengi, na lugha inayowakutanisha ni Kiswahili. Wakazi wake hukadiriwa kuwa kiasi cha 3,000.

Mwaka 2007 ulianzishwa ubavuni mwa mtaa huo mtambo wa kuyeyushia betri kuukuu ili kupata risasi. Wakazi walilalamikia moshi uliowasha macho na koo, na maji machafu yaliyotiririka katika mitaro inayopita baina ya nyumba. Mtambo uliendelea na kazi hadi 2014.

Phyllis Omido, ambaye aliajiriwa kiwandani hapo mwaka 2009, amesimulia hadharani kwamba kazi yake mojawapo ya mwanzo ilikuwa kushughulikia tathmini ya athari za kiwanda kwa mazingira. Tathmini hiyo ilitoa shauri kwamba kiwanda kihamishwe, kwa sababu kilikuwa karibu mno na makazi ya watu. Shauri halikufuatwa. Baadaye mwanawe mchanga aliugua. Kwanza alidhaniwa kuwa ana maradhi ya kawaida ya homa, lakini damu yake ilipopimwa ilikutwa na risasi. Omido aliacha kazi, akaanzisha harakati pamoja na wakazi, na mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman.

Kesi ya wakazi iliamuliwa na Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa mwezi wa Julai 2020. Mahakama iliagiza wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, na udongo uliochafuliwa usafishwe. Kampuni na idara za serikali zilikutwa na hatia kwa pamoja. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufani ilitengua fidia hiyo. Mwezi wa Desemba 2024 mahakama iliyo ya juu kabisa nchini iliirejesha. Tangu mtambo uwashwe hadi uamuzi huo wa mwisho ilipita miaka 17. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule wa kwanza alikuwa amekaribia umri wa kwenda chuoni.

Owino Uhuru si mtaa wa pekee. Huko Thiaroye-sur-Mer, kando ya Dakar nchini Senegal, watoto 18 walifariki baina ya Novemba 2007 na Machi 2008, kwa sababu ya risasi iliyotokana na kuvunja betri na kuchekecha udongo wake. Vumbi lilikuwa lile lile, na mwaka ulikuwa ule ule ambapo tanuru la Mikindani lilianza kuwaka.

Jambo la kuzingatia hapa ni kwamba elimu haikukosekana. Sumu ya risasi imejulikana tangu zamani. Sheria pia ilikuwapo: Kenya ilitunga sheria ya usimamizi wa mazingira mwaka 1999, na kanuni za 2003 zikaagiza kwamba maoni ya watakaoathirika yatafutwe, mikutano ya hadhara ifanywe, na matangazo yatolewe redioni kwa lugha rasmi na kwa lugha za wenyeji. Maneno muhimu yalikuwa yamekwisha kuandikwa. Yaliandikwa kwa lugha moja, yakapelekwa kwa msomaji mmoja, na msomaji huyo alikuwa na uwezo wa kuyaweka kando. Kama shauri lile lile lingesomwa uwanjani kwa Kiswahili kinachoeleweka, wasikilizaji wangekuwa wengi, na kuliweka kando kungekuwa kazi ngumu zaidi.

4. MANENO NA MITEGO YAKE

Mhandisi kijana anayesimama mbele ya wakazi aghalabu hudhani kwamba taabu yake itakuwa kukosa maneno. Kwa kweli taabu kubwa zaidi ni maneno yaliyopo tayari, kwa kuwa kila moja lina wenyewe na lina maana ambayo msikilizaji amekwisha kuizoea. Mifano ifuatayo yatosha kulidhihirisha jambo hilo.

(a) Risasi. Neno hili limetokana na Kiarabu, ambamo shina lake limezaa jina la madini na la kile kitokacho bunduki. Katika Kiswahili cha leo maana ya pili ndiyo iliyotangulia masikioni. Mama akiambiwa kwamba mtoto wake ana risasi mwilini, la kwanza kumjia ni bunduki, na huenda akashangaa mbona hapana jeraha. Wengine hukimbilia umbo la Kiingereza lililovaa sauti za Kiswahili, wakasema ledi. Neno hilo halina bunduki ndani yake, lakini pia halina kitu chochote: msikilizaji haoni sura. Njia iliyo bora ni kuanza na kitu kinachoshikika: “ile risasi nzito iliyo ndani ya betri ya gari, ambayo wavuvi pia huitumia kuzamishia nyavu.” Msikilizaji akishaona sura hiyo, neno risasi laweza kutumika bila hofu mpaka mwisho wa mazungumzo.

(b) Madini. Ili kukwepa mtego wa kwanza, wasemaji wengi husema “madini ya risasi.” Hapo huingia katika mtego wa pili. Katika masomo ya afya, na katika kliniki za mama na watoto, madini hutajwa kuwa ni vitu vizuri ambavyo mwili huvihitaji, kama vile chuma kwa ajili ya damu. Mama aliyehimizwa kumpa mwanawe chakula chenye madini ataelewaje kwamba madini yaliyomo katika damu ya mtoto ni balaa? Kwa hiyo neno madini lisiachwe peke yake. Lifuatwe mara moja na kauli kwamba mwili hauna haja nayo hata kidogo.

(c) Sumu. Neno hili ni kali, na ukali huo ndio udhaifu wake. Sumu katika mazoea ya watu ni kitu ambacho adui humtilia mtu, na kikishanywewa huua mara moja. Msikilizaji aliyeishi karibu na kiwanda kwa miaka mitatu, na angali hai, anaweza kujibu kwamba basi hapana sumu. Yapasa iongezwe kwamba sumu hii ni ya pole pole, na kwamba hujikusanya. Hapa methali ya haba na haba hujaza kibaba, ambayo kwa kawaida husemwa kusifu uwekaji wa akiba, yaweza kugeuzwa kuwa onyo: vumbi nalo huweka akiba yake katika mifupa.

(d) Maji ya betri. Katika karakana nyingi jina hili hutumiwa kwa maji safi yaliyokenekwa, yanayoongezwa seli zikipungua. Lakini wapo wanaolitumia pia kwa asidi yenyewe. Mwanafunzi anayetunga maelezo ya usalama akiandika tu “usiguse maji ya betri,” baadhi ya wasomaji wataona ni mzaha, kwa kuwa wao huyanunua dukani na kuyashika kila siku. Yafaa aandike “asidi ya betri” au “tindikali,” na aeleze kwamba huchoma ngozi na hutoboa nguo.

(e) Shoti. Waya mbili zikigusana pasipostahili, husemwa “imepiga shoti.” Mtu akirushwa na umeme, husemwa pia “amepigwa shoti.” Hayo ni matukio mawili tofauti. Betri ya pikipiki huweza kupiga shoti ya kwanza bila ya mtu yeyote kupigwa shoti ya pili, na mtu ambaye hakurushwa hudhani ya kuwa hapana hatari, ilhali waya zimekwisha kuwaka moto.

(f) Seli. Neno hili ni la betri, la mwili wa kiumbe, na la kituo cha polisi. Maana hizi ziko mbali mno hata haziwezi kuleta ajali, lakini huleta kicheko barazani, na msemaji asiyekitazamia kicheko hicho hupoteza uzi wa maneno yake.

Mifano hii inaonyesha kwamba orodha ya istilahi, hata ikiwa imesanifiwa vizuri, haitoshi peke yake. Istilahi humfaa mtu aliyekwisha kukijua kitu. Asiyekijua huhitaji sura ya kitu kwanza, kisha jina.

5. MUUNDO WA SENTENSI

Hata maneno yakichaguliwa vyema, sentensi yaweza kuyaharibu. Tuseme mwanafunzi amepewa kazi ya kuwatangazia wakazi matokeo ya kupima hewa, naye akaandika hivi:

(i) Utoaji wa chembechembe za madini ya risasi angani umezidi viwango vilivyopendekezwa.

Sentensi hii haina kosa la sarufi. Pamoja na hayo, haimwambii mkazi kitu. Kwanza, haina mtenda: utoaji umezidi, lakini haikutajwa ni nani anayetoa. Pili, imetumia jina la kitendo mahali palipostahili kitenzi, na hivyo kitendo kimegeuka kuwa kama hali ya hewa, jambo lisilo na mwenyewe. Tatu, neno angani hulipeleka vumbi mbali juu, ilhali vumbi hilo limetua uani. Nne, viwango vilipendekezwa na nani, na kuvizidi kuna maana gani kwa mtu anayekaa hapo? Ilinganishwe na maneno haya:

(ii) Tanuru la kiwanda linatoa moshi wenye vumbi la risasi. Vumbi hilo ni sumu ya pole pole. Halionekani kwa macho wala halinuki. Linatua juu ya paa, uani na katika maji mnayoyaacha wazi. Watoto hulila kwa vidole. Funikeni maji, osheni mikono ya watoto kabla ya kula, wala msitumie maji ya mvua yaliyotoka paani. Lakini hayo hayatoshi: dawa yake ni moshi huo kukoma.

Maneno ya (ii) ni mengi kuliko ya (i), lakini hayana urefu wa bure. Kila sentensi ina mtenda na kitenzi chake. Zaidi ya hayo, yametenga vitu vitatu ambavyo sentensi ya kwanza imevificha: kinachotokea, anachoweza kufanya msikilizaji, na anachopaswa kufanya mwingine. Kitu hiki cha tatu ndicho kinachosahauliwa mara nyingi. Mhandisi anayewafundisha wakazi kuosha mikono, na akanyamaza juu ya tanuru, amewahamishia wakazi mzigo usio wao.

6. ADABU YA BARAZA NA KUSIKILIZA

Katika mitaa ya Mombasa bara mazungumzo ya maana yana utaratibu wake. Mgeni hubisha kwa mzee wa mtaa kwanza. Akisimama barazani huanza kwa salamu, akawataja wazee wake na mama zake kabla ya kutaja jambo lililomleta. Mwanafunzi aliyezoea kufungua maelezo yake kwa jedwali la takwimu huona utaratibu huo kuwa ni kupoteza wakati. La, sivyo. Salamu ndiyo inayowapa wasikilizaji nafasi ya kumpima msemaji: ni mtu wa wapi, anaongea lugha gani, na ana heshima gani. Asiyesikika katika salamu hatasikika katika takwimu.

Kadhalika, mkutano mmoja hautoshi. Wako akina mama ambao hawatasema mbele ya wanaume, nao ndio wanaojua ni mtoto yupi anayeumwa na tumbo kila mara, au yupi aliyekuwa akizungumza kisha akarudi nyuma. Mhandisi asiyewakuta mahali pao hatalipata jambo hilo katika kifaa chochote cha kupimia.

Jambo jingine ni kwamba wakazi wana elimu ambayo mhandisi anaihitaji. Mtu wa pwani anajua majira ya pepo: kusi huvuma kutoka kusini-mashariki katikati ya mwaka, na kaskazi hutoka kaskazini-mashariki kuanzia mwisho wa mwaka hadi miezi ya mwanzo ya mwaka unaofuata. Anayepima moshi kwa juma moja wakati wa kaskazi atapata picha ya nyumba za upande mmoja tu. Wakazi wangemwambia ni nyumba zipi zinazokohoa wakati wa kusi. Kusikiliza, basi, ni sehemu ya kipimo chenyewe.

7. BETRI MPYA NA MANENO YANAYOSUBIRIWA

Mwezi wa Septemba 2023 Rais William Ruto alizindua pikipiki za umeme mjini Mombasa. Pikipiki hizi hutumia betri za lithiamu, ambazo dereva huweza kuzibadilisha kituoni, akaacha iliyokwisha na kuchukua iliyojaa. Faida zake ni dhahiri: hakuna moshi, na dereva hatumii petroli.

Hata hivyo, elimu ya mafundi wa mitaani juu ya betri imejengwa juu ya betri ya risasi. Fundi wa Kisauni au wa Likoni anajua kuifungua, kuiongeza maji, na kugusanisha waya ili aone kama cheche ni kali. Elimu hiyo si ya kudharauliwa, kwani imewalisha wengi. Lakini kila moja ya desturi hizo tatu ni hatari kwa betri ya lithiamu. Isitoshe, neno ni lile lile: zote mbili huitwa betri. Lugha imewaambia mafundi kwamba kitu ni kimoja, ilhali sivyo. Hapa ndipo mhandisi anapopaswa kuingia mapema, kwa maneno mafupi ambayo fundi na dereva wanaweza kuyakariri:

– Betri hii haina maji ndani. Usiifungue, usiitoboe, usiiongeze kitu.

– Usigusanishe waya kuona cheche.

– Ikivimba, ikinuka, au ikiwa moto bila sababu, iweke nje, mbali na nyumba na watu.

– Ikiingia maji ya bahari usiitie chaji, hata ikikauka.

– Ikiwaka moto, moto wake huweza kuzimika kisha ukarudi. Ondoka, waondoe watu, waite wazima moto.

– Usiiuze pamoja na betri za risasi. Ikiingia katika tanuru hulipuka.

Agizo la maji ya bahari lina uzito wa pekee kwa wanaovuka kivuko cha Likoni kila siku na kwa wavuvi wa Mtongwe, kwa kuwa maji ya chumvi hupitisha umeme na huweza kuiunguza betri kutoka ndani. Agizo la mwisho nalo huunganisha betri mpya na mkasa wa zamani: vyuma chakavu vya Changamwe hukusanywa na mikono ile ile, na mikono hiyo haijui kusoma alama ndogo zilizoandikwa kwa Kiingereza au Kichina ubavuni mwa betri.

8. MAPENDEKEZO KWA UFUNDISHAJI

Katiba ya Kenya ya 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Kwa msingi huo si vigumu kupendekeza mambo manne.

Kwanza, kila ripoti ya mwanafunzi wa uhandisi inayohusu afya au usalama wa watu iwe na ukurasa mmoja wa Kiswahili, uliotungwa kwa Kiswahili tangu mwanzo, usiwe tafsiri ya muhtasari wa Kiingereza.

Pili, mtihani wa mazungumzo ufanywe mbele ya wasikilizaji wasiokuwa wahandisi. Baada ya maelezo, msikilizaji mmoja aombwe ayarudie kwa maneno yake. Alama zihesabiwe kwa kile alichokirudia msikilizaji, si kwa kile alichokisema mwanafunzi.

Tatu, idara za lugha na idara za uhandisi zishirikiane kukusanya maneno ya mafundi wa betri katika karakana za Changamwe, Likoni na Kisauni, pamoja na maana zake zote, kabla ya kuamua istilahi. Istilahi iliyotungwa ofisini bila ya fundi kuulizwa hubaki ofisini.

Nne, wanafunzi wasome mkasa wa Owino Uhuru katika somo la mawasiliano, na si katika somo la sheria za mazingira pekee. Waulizwe: shauri la kukihamisha kiwanda lingeandikwaje, lingesomwa wapi, na kwa nani, hata lisiweze kufungiwa?

9. HITIMISHO

Mhandisi mwenye vipimo sahihi asiyeweza kuvieleza kwa wanaohusika amefanya nusu ya kazi yake, na nusu iliyobaki ndiyo inayookoa maisha. Mtambo wa Mikindani umezimwa. Fidia imeamuliwa, lakini risasi iliyokwisha kuingia katika mifupa ya watoto hairudishwi kwa hukumu. Betri mpya zinaendelea kuteremshwa bandarini na kuvuka kwenda Likoni, Kisauni na Changamwe. Zinakuja na volti zake na uzito wake. Maneno ya kuzieleza hayaji ndani ya kasha, na ni juu ya vyuo kumpa mwanafunzi maneno hayo kabla hajakabidhiwa kazi.